Neno Nililolitafsiri kwa Kujiamini

Mwanangu Bupe,

Ile kamusi haikupotea shuleni. Niliificha mimi, chini ya gunia la mahindi, na wewe ulipokuwa unaitafuta chumba kizima, mpaka ukanyanyua godoro, mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia hilo hilo nachambua maharage. Sijamwambia mtu. Hata kwenye sala nilikuwa nalipita haraka jambo hili, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Kesho unakwenda Mbeya. Mama yako aliniita jikoni akaniambia, "Subi, na wewe ni mama yake. Mimi nikianza kusema nitalia. Mpe maneno ya safari." Nikasema sawa. Halafu ukaingia, ukaniuliza kama nimeona kitana chako, nikakujibu sijakiona, na maneno ya safari yakaishia hapo. Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu unaujua ulivyo.

Najua umeshacheka kwa hilo "mwanangu". Bibi yako alinizaa mimi wakati mama yako, binti yake wa kwanza, amekwisha kukuzaa wewe. Kule Kinyala watu walikuwa wanawatania kwamba mama na binti wananyonyesha kwa zamu. Kwa hiyo umenizidi miezi, lakini kwa ukoo mimi ni mama yako mdogo, na nguo zilizokubana ndizo nilizovaa. Nadhani Rungwe nzima hakuna mama mwingine aliyekulia ndani ya magauni ya mwanawe. Ukitaka kitu unaniita "mama mdogo" kwa adabu zote. Ukishakipata naitwa Subi.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika wala kuamkia watu. Hayo unanishinda. Wageni wakija hapa Ibighi wanakusalimu wewe kwanza, wanakaa, wanakunywa chai, halafu ndipo wanauliza, "Na yule mwingine yupo?" Mimi ndiye yule mwingine. Nitakuandikia habari ya wivu, kwa sababu ni kitu ambacho nimekifanyia kazi muda mrefu kuliko wewe.

Ulipokosa nafasi ya sekondari nilikuhurumia, na ukweli ni kwamba huruma ile niliifurahia. Mwaka uliofuata nikachaguliwa mimi. Wewe ukaanza kuuza karanga stendi, mimi nikaanza kurudi nyumbani na Kiingereza. Nilijiambia: basi, sauti ni yake, kicheko ni chake, watu wote ni wake, lakini hiki ni changu. Nilikuwa nasoma kwa sauti uani makusudi, ukiwa unakaanga. Ukaniuliza siku moja maana ya neno fulani kwenye gazeti, nikakuambia, "Hilo ni gumu, la kidato cha tatu." Halikuwa gumu. Sikuwa nalijua.

Sasa turudi siku ya karatasi. Ulinunua karatasi za kufungia karanga kwa kilo kama kawaida yako, ukarudi mchana na sinia bado lina mzigo, jambo ambalo si lako. Ulikuwa umeshika karatasi moja yenye mafuta. Juu kulikuwa na picha ya mama yako.

"Mama mdogo, soma."

Ilikuwa fomu ya ile kampuni ya mikopo. Siku hizi serikali imeruhusu kila mwenye mtaji afungue duka la pesa, na hilo lilikuwa la kwanza kwetu lenye zulia. Walikuwa wanahamia jengo jipya, na mtu wa pale akaona badala ya kubeba makaratasi ya wateja bora ayauze. Jina la dada lilikuwepo, mshahara wake wa kuchuma chai, jina la mdhamini, vitu alivyoweka dhamana, na penye sababu ya mkopo imeandikwa: ada ya shule ya mdogo wangu.

Wote nyumbani tulijua mkopo ule ni wa mabati. Baba yako alikuwa ameshapasua mpaka mbao.

Nilingoja ukasirike. Ulikuwa na haki, maana ungeweza kusema mama amekopa kwa ajili ya mdogo wake wakati mwanawe anauza karanga. Ukaniangalia kuanzia miguuni mpaka shingoni, ukasema, "Kumbe mabati yetu yamevaa sketi ya shule."

Ukacheka. Ukaikunja ile karatasi ukaiweka kifuani, na hukuitaja tena. Kungekuwa na ugomvi ningejua pa kusimama. Mtu akikusamehe kabla hujaomba, Bupe, na wewe una roho kama yangu, unamchukia kidogo. Nilikuchukia kidogo siku ile.

Lakini fomu ilikuwa na kurasa mbili, na ya pili, ya mdhamini, ambako sababu imerudiwa, ulikuwa umeshaiuza na karanga ndani. Wiki haikuisha baba yako akawa ameshaambiwa stendi. Unakumbuka alivyoketi pale mlangoni, maji yanadondoka ndani ya sufuria, akamwambia mama yako taratibu kabisa, "Yaani mimi nalowa usiku kucha ili mdogo wako ajue kusema yesi." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Na sisi tulikuwa na nafuu. Mama Ngwisa, mshonaji wa Kinyala, alitembelewa na kijana mwenye tai aliyekuwa na fomu yake mkononi, yenye picha yake, sahihi yake, mpaka namba ya cherehani aliyoweka dhamana. Akamwambia ametumwa na kampuni kuichukua mpaka amalize deni. Mama Ngwisa angemkataaje mtu anayemjua kiasi hicho? Alimsaidia kuifunga kwenye baiskeli, akampa na kitenge aifunike isinyeshewe. Alipokwenda ofisini kuiulizia, wakamwambia hawakumtuma mtu yeyote, na deni lake liko pale pale.

Hapo ndipo wateja walipokusanyika kwenye chumba cha shule ya Jumapili, na kampuni ikamleta yule ofisa ambaye wote tunamwita bwana mikopo. Alikuja na karatasi ya Kiswahili safi: kampuni itafuta faini za kuchelewa, na wateja wanakubali hawana dai lolote juu ya kampuni kuhusu fomu zile. Watu walikuwa wanaanza kutafuta kalamu. Mama Ngwisa akainua fomu moja iliyokuwa imefungiwa karanga, akasema, "Subirini. Huku nyuma ya fomu kuna maneno ya Kizungu tuliyotia sahihi. Na yasomwe kwanza. Huenda na wao walituahidi kitu." Akanigeukia. "Gwe mwana, wewe unasoma. Tusomee."

Unajua nilivyosimama. Mbele ya watu wote wale, na wewe umekaa dirishani na sinia lako, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe aliyeitwa nilikuwa mimi na siyo wewe.

Nikafika penye sentensi inayosema habari za mkopaji kampuni itazishikilia "in confidence". Neno hilo nalijua vizuri kuliko jina langu. Kila muhula mwalimu wa darasa analiandika kwenye ripoti yangu, kwamba sina confidence, na siku moja nilimwuliza maana yake, akasema ni kujiamini. Kwa hiyo nikasoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuitegemea:

"Kampuni itashikilia habari za mkopaji kwa kujiamini."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Kweli walijiamini, mpaka wakazifungia karanga," na chumba kizima kikaangua kicheko. Bwana mikopo aliinamisha kichwa akapangusa kiatu kisichokuwa na tope. Ukauliza kutoka dirishani, "Mama mdogo, una hakika?" Hukuuliza kwa dharau. Uliuliza kama mtu anayeona kitu hakikai sawa. Nikakujibu, "Wewe unajua Kiingereza?" Bwana mikopo akainua mikono: "Mmesikia wenyewe, kutoka kwa binti yenu." Wengi wakasaini. Mama Ngwisa akasaini wa mwisho siku ile, akanishukuru, ndaga, mwanangu, kwa kutusomea.

Mpaka hapo lilikuwa kosa tu. Kosa ningeweza kuishi nalo.

Jioni nikafungua kamusi, si kwa sababu nilikuwa na mashaka, bali kwa sababu wewe uliuliza. Nilitaka nikuoneshe. Maana ya kwanza ilikuwa ile yangu, kujiamini. Chini yake kulikuwa na maana ya pili: siri. Kampuni iliahidi kuzitunza habari zetu kwa siri. Ahadi ilikuwepo, imeandikwa na wenyewe, na mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba haipo.

Nikasikia unakuja. Nikaisukuma kamusi chini ya gunia. Ukaomba uione, nikakuambia nimeiacha shuleni. Baadaye ukaitafuta hata hivyo, maana unanijua.

Asubuhi bwana mikopo alikuja kwa pikipiki kuwafuata waliokuwa hawajasaini. Mama yako alikuwa mmoja wao, kwa sababu siku ya mkutano alikuwa zamu shambani. Nilikuwa njiani na ndoo. Akasimama, akazima pikipiki, akanisalimu kwa Kiingereza. Akaniuliza, "Umeangalia kamusi?" Nikasema hapana. Akatabasamu, akasema, "Vizuri. Ulitafsiri vizuri. Acha hivyo hivyo. Ukimaliza kidato cha nne njoo ofisini, tunahitaji vijana wenye Kiingereza kama chako."

Bupe, hakuna mtu aliyewahi kuniambia tunakuhitaji. Nilisimama na ndoo ile kichwani na nikajiona tayari niko juu ya zulia, nyuma ya meza, na wewe umekuja dirishani na sinia kuniuliza kama nataka karanga.

Tukafika nyumbani, mama yako akatoka. Akaniuliza, "Subi, ulisema huko nyuma ya fomu hawakuahidi kitu?" Nikasema, "Ndiyo, dada." Akaweka karatasi juu ya kiti cha pikipiki akasaini. Aliyekopa kwa ajili ya ada yangu, nikamtazama anasaini kwa sababu ya ada hiyo hiyo.

Yaliyofuata unayajua, kwa sababu uliyafanya wewe. Uliiondoa karatasi kifuani, ukapanda gari kwenda Mbeya bila kumuaga mtu, ukakaa kwenye benchi la yule wakili mama uliyetajiwa stendi kutwa nzima mpaka akakuita ndani. Uliporudi, watu wakakusanyika tena chumba kile kile, na safari hii aliyesimama ulikuwa wewe.

"Wakili anasema msiache kulipa mikopo yenu," ulianza, na watu wakaguna.

"Sasa huyo ni wakili wetu au wao?" mzee mmoja akauliza.

"Wetu, baba. Ukiacha kulipa watasema wewe ndiye uliyevunja mkataba kwanza. Lipeni, na risiti mzitunze."

"Na yule kijana wa tai?"

"Huyo ni wa polisi. Lakini kampuni ndiyo iliyomwonesha njia, kwa hiyo cherehani tutaidai kwa kampuni pia." Ukaeleza kwamba kwanza wakili ataiandikia kampuni barua, iseme fomu za nani zimetoka na itafanya nini kwa waliopata hasara, na ijibu kwa maandishi. Isipojibu, ni mahakamani, na siyo mahakama ya mwanzo, kule wakili haruhusiwi kusimama na shauri la namna hii si la pale. Ni ya wilaya. Mahakama ikikubali, wachache watasimama kwa niaba ya wote, ili watu wasiache mashamba yao. Hakuna sheria iliyotungwa kwa ajili ya fomu za mikopo kufungia karanga, ukasema, kwa hiyo wakili atasimamia ile ahadi ya nyuma ya fomu, kwamba habari zitatunzwa kwa siri.

"Kwa siri?" akasema yule yule wa nyuma. "Si walijiamini?"

Wakacheka, wakanitazama. Nilitaka ardhi inimeze. Na wewe ukasema, "Mama mdogo alisoma kama alivyofundishwa. Kiingereza chenyewe ndicho kina neno moja linalofanya kazi mbili." Ulinitetea mbele yao wote. Sikukushukuru. Nilikaa nafikiri: sasa hata Kiingereza ni chake.

Kisha Mama Ngwisa akauliza taratibu, "Na sisi tuliosaini?"

Uso wako ukabadilika. Ukasema wakili amekuambia sahihi ni sahihi, wataachwa nje ya kesi, isipokuwa tu kama ofisa wa kampuni alijua kwamba wanasomewa vibaya na akawaacha wasaini. Hapo karatasi ile ingeweza kuvunjwa. Lakini lazima apatikane mtu wa kusema kwamba alijua.

"Nani atajua kilichokuwa moyoni mwa bwana mikopo?" akasema Mama Ngwisa. Akakunja mikono mapajani. Ile mikono isiyo na cherehani.

Mimi nilikuwa najua. Nilitazama sakafu mpaka mkutano ukaisha.

Nilikuwa na sababu zangu, nikazipanga vizuri. Kwamba nitafukuzwa shule, kwamba dada atanichukia. Sababu ya kweli sikuijua mpaka juzi, ulipokuja kutuambia kwamba wakili amekuita ukafanye kazi ofisini kwake, upeleke barua, upange majalada, na jioni usome. Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje nikaenda nyuma ya migomba nikalia kwa hasira. Kazi kwa wakili, mtu aliyekosa hata kidato cha kwanza. Nikajiambia, nikisema ninachokijua, kesi itakuwa kubwa, na kesi ikiwa kubwa, yeye ndiye atakayeitwa shujaa wake. Hiyo ndiyo sababu. Niliona afadhali Mama Ngwisa akose cherehani kuliko wewe uongezewe sifa. Nimeiandika na nimeisoma tena, na bado ndivyo ilivyokuwa.

Sina ushauri mwingi wa kukupa. Kule ofisini utakutana na maneno mengi usiyoyajua, na watu watakutazama wakingoja. Wewe utasema hujui, utauliza, utacheka. Endelea hivyo hivyo. Mimi nilipoulizwa una hakika, nilisikia kama nimetukanwa. Ningekuwa na moyo wa kusema hapana, sina, hakuna aliyesaini angekuwa amesaini. Na mtu akija kukuambia anakuhitaji, angalia kwanza amekukuta umebeba nini.

Sasa nakuandikia sehemu ambayo si yako peke yako. Mwoneshe wakili. Mimi, Subilaga, niliwasomea wateja vibaya siku ya mkutano bila kujua. Jioni yake nikajua. Asubuhi yake ofisa wa mikopo aliniuliza njiani kama nimeangalia kamusi, akaniambia niache tafsiri ilivyo, akaniahidi kazi, kisha akaenda kumsainisha dada yangu nikiwepo. Alijua. Kama wakili atataka niape, nitakuja kuapa. Najua kuapa siyo kuandika, itabidi niseme kwa sauti, na bwana mikopo atakuwa amekaa mbele yangu akinitazama. Utakuwepo, na utaniona ninavyotetemeka. Usinisaidie kujibu.

Nilidhani nikimaliza kuandika haya wivu utakuwa umetoka. Haujatoka. Hapa ninapoandika naona begi lako limekaa kitandani, na ningelitaka liwe langu. Ningetaka mimi ndiye nishuke Mbeya kesho, niulize njia, nifungue mlango wa ofisi ile. Nakupenda na nakuonea wivu, vyote viwili, na sijui kama kimoja kitakuja kukimaliza kingine. Kama kipo kitu ambacho mama anatakiwa kumpa mwanawe anapoondoka, mimi sina kizuri zaidi ya hiki, na kimekuja kwa kuchelewa.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua katikati ya nguo zako, uikute ukishafika, mimi nikiwa mbali. Lakini mama yako naye alisaini, na yeye hatakuwa Mbeya. Yupo hapa, na yeye inabidi aisome.

Nasikia hatua za mtu zinakuja ukumbini. Kandambili. Zinaweza kuwa zako, zinaweza kuwa za dada, mnavaa jozi moja. Mkono wangu umeshafika wenyewe juu ya karatasi kuzificha, kama ulivyozoea. Nauondoa. Mlango unasukumwa, na karatasi zote ziko mezani, wazi, ya kwanza ikiwa juu